Ugonjwa Ulianza Lini?



Mwezi huu tuzungumze juu ya swali ambalo kila mgonjwa huulizwa afikapo hospitalini, awe anaumwa tumbo, jino au kichwa: "Umeanza kuumwa lini?" Kwa mgonjwa wa malaria jibu ni rahisi. Atasema, "Juzi jioni." Lakini kwa mgonjwa wa akili swali hilo hilo huwa gumu kuliko yote, na jibu lisilo sahihi linaweza kumpotezea mgonjwa miaka mingi ya maisha yake. Nalisema hili kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kukosea, na aliyelipa gharama ya kosa langu ni kijana wa watu.

KIJANA ALIYELETWA NA KAMBA

Ilikuwa mwezi Agosti 2008. Sitataja hospitali niliyokuwa nafanya kazi wakati huo, wala jina la kijana, wala kijiji chake. Aliletwa nyuma ya pikapu, amefungwa kamba mikononi, midomo imekauka kwa kusema bila kupumzika. Alikuja na mama yake na wajomba wawili. Nilichukua daftari jipya nikaanza kuandika.

"Mama, mtoto ameanza lini?"

"Wiki iliyopita, Sista. Jumapili ile alikuwa mzima kabisa, aliimba kwaya."

"Ana miaka mingapi?"

"Kama ishirini na miwili hivi."

Nikaandika: umri miaka 22, ameumwa wiki moja. Yote mawili hayakuwa kweli, ingawa mama hakusema uongo. Alijibu swali kama nilivyomwuliza, na mimi niliuliza vibaya.

Siku ya tatu, kijana alipokuwa amelala kwa nguvu ya sindano, nilikaa na yule mama kwenye benchi nje ya wodi. Alikuwa na kifurushi ndani ya kanga. Alitoa cheti cha ubatizo: kijana alizaliwa mwezi Machi 1984, kwa hiyo alikuwa na miaka 24. Halafu akatoa daftari kuukuu la hospitali, akanifungulia ukurasa.

"Sista, mwaka ule tulimleta hapa hapa. Wewe ndiye uliyetupa dawa."

Niliutambua mwandiko wangu. Juni 2003. "Ana huzuni, hali vizuri, halali, hataki kuongea, wiki sita." Tabibu aliandika amitriptailini, dawa ya sonona, nami nikampa na kumweleza jinsi ya kumeza. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kama kijana huyu alishawahi kuwa na hali iliyo kinyume cha ile. Tungeuliza, mama angetuambia juu ya mwaka 2000. Wiki tatu baada ya kuanza vidonge kijana aliinuka kitandani, lakini alipitiliza. Aliuza baiskeli ya mjomba wake, akagawa fedha barabarani, akapigana na walinzi wa mnadani. Jamaa wakasema dawa ya hospitali ndiyo iliyomtia wazimu. Wakavitupa vidonge, na kwa miaka mitano hawakurudi.

NI UGONJWA GANI HUU?

Kijana yule ana ugonjwa uitwao baipola. Ni ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Wote tunafurahi na kuhuzunika, na huo si ugonjwa. Mwenye baipola hupatwa na vipindi.

Katika kipindi cha kupanda, mtu halali usiku na wala hachoki. Anaongea haraka, mawazo yanakimbizana, anajiona mkuu au tajiri, anatumia mali ovyo, anakuwa mkali akizuiwa. Wengine husikia sauti au hujiona wametumwa kazi ya pekee. Katika kipindi cha kushuka, yaani sonona, mtu huyo huyo hukosa nguvu, hukosa hamu ya chakula na ya watu, hujilaumu, na anaweza kutaka kujiua. Katikati ya vipindi anaweza kukaa miezi au hata miaka akiwa mtu wa kawaida kabisa, analima, anasoma, anaimba kwaya. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kila kipindi kinaonekana kama ugonjwa mpya ulioanza wiki iliyopita.

Hapa kwetu kipindi cha kwanza hupewa majina mengi. Utasikia "malaria imempanda kichwani", "karogwa", "mapepo", "bangi", "masomo yamemzidi". Kipindi cha kushuka huitwa uvivu. Kwa sababu majina ni tofauti, hakuna anayeunganisha matukio hayo na kuona kwamba ni ugonjwa mmoja.

SWALI MOJA, MAJIBU MANNE

Watafiti wa magonjwa ya akili wamehangaika na swali hili kwa muda mrefu. Emil Kraepelin, daktari wa Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 20 aliwachunguza wagonjwa 900 wa aina hii, akaona kwamba wengi walipatwa na kipindi cha kwanza kati ya miaka 15 na 20. Lakini kadiri tafiti zilivyoongezeka namba zilianza kutofautiana. Mmoja anasema ugonjwa huanza katika miaka 18, mwingine anasema 25, mwingine anasema 30. Sababu moja kubwa ni kwamba neno "kuanza" halikuwa na maana moja kwa wote. Kuna maana nne zinazotumika zaidi. Nitazieleza kwa maisha ya kijana wetu.

(a) Dalili ya kwanza kabisa. Mwaka 1998, mwishoni mwa zile mvua kubwa za El Niño, kijana alijifungia ndani karibu miezi miwili, hataki shule wala michezo. Alikuwa na miaka 14.

(b) Kipindi cha kwanza kilichokamilika. Novemba 2000 hakulala usiku tisa. Alilima shamba gizani, akaimba, akagawa mahindi ya familia yaliyokuwa ghalani. Alikuwa na miaka 16. Zahanati ilimtibu malaria.

(c) Matibabu ya kwanza ya akili. Ni vile vidonge vya Juni 2003. Alikuwa na miaka 19.

(d) Kulazwa kwa mara ya kwanza, au siku ugonjwa ulipopewa jina lake. Agosti 2008, miaka 24.

Msomaji, huyu ni mtu mmoja, mwenye ugonjwa mmoja, lakini umri wake wa kuanza kuugua ni 14, au 16, au 19, au 24, kutegemea anayeuliza anamaanisha nini. Na daftari langu, kwa haraka yangu, lilisema 22.

WATAFITI HUCHAGUA JIBU GANI?

Kila jibu lina faida na hasara yake. Tarehe ya kulazwa ina faida moja: imeandikwa, wala haitegemei kumbukumbu ya mtu. Lakini kwa kweli inapima umbali wa hospitali kuliko mwanzo wa ugonjwa. Hospitali ya Mirembe kule Dodoma ilifunguliwa mwaka 1927, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa tegemeo la wagonjwa wa akili nchini kote. Fikiria mtu wa Ufipa wa nyakati zile, kabla ya lami ya barabara ya Tunduma. Mpaka jamaa wapate nauli, wapate mtu wa kumsindikiza na wakubali safari ya siku kadhaa, mgonjwa ameshaugua mara ngapi? Mtafiti anayetumia daftari la kulazwa peke yake atasema Wafipa huanza kuugua wakiwa watu wazima. Hapo atakuwa amepima ubovu wa barabara.

Tarehe ya dalili ya kwanza nayo inavutia kwa sababu iko karibu zaidi na mzizi. Lakini ina hatari yake. Vijana wengi wa miaka 14 hununa, hujifungia na kukataa shule, na wengi wao hawapati baipola maishani mwao. Tukihesabu kila huzuni ya ujana kuwa mwanzo wa ugonjwa, tutarudisha tarehe nyuma kupita ukweli.

Kwa hiyo watafiti wengi hupendelea jibu la pili: kipindi cha kwanza kilichotimiza vipimo. Vitabu vya utambuzi vya madaktari vinataka kipindi kamili cha kupanda kidumu angalau siku 7, au muda wowote kama ni kikali kiasi cha kumlaza mgonjwa. Sonona inatakiwa idumu angalau wiki 2. Kijana wetu, kwa usiku wake tisa wa mwaka 2000, anatimiza kipimo cha kupanda. Ile huzuni ya mwaka 1998 ilidumu muda wa kutosha, lakini mama hakukumbuka kama alikuwa anakula na kulala sawasawa. Basi tunaiandika kama dalili iliyotangulia, na kuanza tunaandika miaka 16. Kama mama angekumbuka vizuri, huenda tungeandika 14.

Angalia pia jambo lingine. Watu wengi huanza na sonona, na kupanda kwa kwanza kunakuja miaka kadhaa baadaye. Siku ya sonona ile ya kwanza hakuna daktari anayeweza kusema kwa hakika kwamba ni baipola. Jina la ugonjwa linakuja baadaye, halafu tarehe inarudishwa nyuma.

Tofauti hizi si jambo dogo hata kwa wataalamu wakubwa. Mwaka 2021 watafiti waliunganisha habari za wagonjwa 12,977 kutoka Ulaya, Marekani ya Kaskazini na Australia, wakitafuta uhusiano wa urithi na umri wa kuanza kuugua. Waliona kwamba walioanza mapema hubeba urithi mwingi zaidi unaohusiana na magonjwa ya akili ya aina mbalimbali. Lakini waliona pia kwamba umri wenyewe ulitofautiana kati ya bara na bara na kati ya maana moja ya "kuanza" na nyingine, na jambo hilo lilivuruga hesabu zao. Na katika mabara hayo Afrika haikuwamo.

MAKUNDI MATATU YA UMRI

Jambo la pili walilogundua ni kwamba si vizuri kutafuta wastani mmoja. Tuseme mtu mmoja ameanza akiwa na miaka 17 na mwingine akiwa na 43. Wastani wao ni 30, umri ambao hakuna hata mmoja wao aliyeanza kuugua. Kuanzia miaka ya 2000, watafiti wa Ufaransa na wengineo walipopanga wagonjwa kwa umri waliona vilima vitatu. Tafiti nyingi zilipojumlishwa mwaka 2021, vilele vya vilima hivyo vilikuwa karibu na miaka 17, 26 na 42, na kilima cha kwanza ndicho kikubwa zaidi. Mtu anaweza kuanza katika umri wowote, lakini kuna nyakati ambazo wengi huanza, na wakati wa kwanza ni ule wa shule ya sekondari.

Umri huu unatusaidia nini wodini? Unatusaidia sana. Walioanza mapema mara nyingi wana ndugu wa damu wenye ugonjwa huo, na wana hatari kubwa zaidi ya kujaribu kujiua. Nao pia ndio wanaochelewa zaidi kutibiwa. Kadiri mtu anavyoanza akiwa mdogo ndivyo anavyokaa miaka mingi bila tiba, kwa sababu kila mtu anasema ni utundu wa ujana. Tafiti zilizojumlishwa mwaka 2017 zilionyesha kwamba kati ya kuanza kwa ugonjwa na kuanza kwa matibabu hupita wastani wa karibu miaka 6. Na hizo nyingi ni za nchi zenye hospitali kila mji.

Kwa upande mwingine, mtu akipatwa na kipindi cha kupanda kwa mara ya kwanza akiwa na umri mkubwa, ni lazima tujiulize kama kuna ugonjwa mwingine nyuma yake: kaswende, tezi ya shingo, jeraha la kichwa, uvimbe, dawa fulani, au Virusi vya Ukimwi. Jirani zetu wa Uganda walilionyesha hili. Katika utafiti wa Kampala uliotolewa mwaka 2006, wagonjwa waliopatwa na hali ya kupanda kutokana na VVU walikuwa na umri mkubwa kuliko wenye ugonjwa wa kawaida, na wengi wao walikuwa wanawake. Kwa hiyo mama wa miaka 45 ambaye hajawahi kuugua akili, akianza ghafla kuimba usiku kucha, asipelekwe haraka kwenye jibu la baipola. Apimwe damu.

HABARI KUTOKA BUTAJIRA

Utafiti ulio karibu zaidi na maisha yetu ya vijijini ni ule wa Butajira, kusini ya Addis Ababa, nchini Ethiopia. Matokeo yake yalitolewa mwaka 2005. Watafiti hawakukaa hospitalini kungojea wagonjwa. Walipita nyumba kwa nyumba na kuwachuja watu zaidi ya 68,000 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wengi wao wakulima. Walipata watu 315 wenye aina kali ya baipola. Wastani wa umri wa kuanza kupanda ulikuwa kama miaka 22. Na zaidi ya nusu ya watu hao hawakuwa wamewahi kabisa kwenda kwenye huduma za kisasa kwa ajili ya ugonjwa huo.

Tafakari maana yake. Kama watafiti wale wangetumia maana ya tatu au ya nne, matibabu ya kwanza au kulazwa, zaidi ya nusu ya wagonjwa wasingekuwa na umri wa kuanza kuugua. Ingekuwa kana kwamba hawajaanza. Ndiyo maana katika nchi kama zetu jibu la (b) peke yake linaweza kuwafikia wote.

Hata hivyo utafiti wa namna hiyo una mpaka wake. Ukiwauliza watu wa miaka 15 hadi 49 tu, huwezi kumwona aliyeanza akiwa na 55. Na katika nchi yenye vijana wengi, wastani utavutwa chini, kwa sababu wazee wa kuuliza ni wachache. Msomaji akisikia namba redioni, aulize kwanza: waliulizwa watu wa umri gani?

KUMBUKUMBU HUTELEZA

Basi tarehe ya kipindi cha kwanza itapatikanaje, ikiwa haikuandikwa popote? Inatoka katika kumbukumbu, na kumbukumbu huteleza. Mambo ya zamani tunayavuta karibu. Tukio la miaka kumi iliyopita tunasema "kama miaka sita hivi". Mambo madogo tunayasahau, hasa yakiwa ya aibu.

Dawa yake tunaijua hapa Tanzania, maana makarani wa sensa wameitumia kwa wazee wasiojua mwaka wa kuzaliwa. Ni kalenda ya matukio. Usimwulize mama "mwaka gani?" Mwulize, "Ilikuwa kabla ya kifo cha Mwalimu au baada yake?" Mwalimu Nyerere alifariki tarehe 14 Oktoba 1999. Mwulize kama meli ya MV Bukoba ilikuwa imeshazama. Hiyo ilikuwa Mei 1996. Mwulize juu ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, au uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi wa 1995. Halafu ingia kwenye kalenda ya nyumbani: alikuwa darasa la ngapi, mdogo wake alikuwa amezaliwa, kipaimara kilikuwa kimepita, ilikuwa wakati wa kupanda au wa kuvuna ulezi? Hivyo ndivyo mimi na yule mama tulivyoipata Novemba 2000. Alikumbuka kwamba mwaka mmoja ulikuwa umepita tangu Mwalimu kufariki, na kwamba mahindi aliyogawa kijana ndiyo yaliyokuwa yamebaki ya kula wakati mvua zinaanza.

Na umri wenyewe unahitaji tarehe ya kuzaliwa. Hapa familia za parokia zina bahati. Kama cheti kimepotea, kitabu cha ubatizo kiko ofisini kwa Paroko.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

1. Fungueni daftari. Mtu wa nyumbani akikaa usiku mitatu au minne bila kulala na bila kuchoka, akibadilika maneno na matumizi, andikeni tarehe. Andikeni alichofanya, siku alizodumu, chakula, usingizi, na dawa au pombe aliyotumia. Akishuka, andikeni vile vile. Msiandike "amerogwa" wala "baipola". Andikeni mlichokiona.

2. Msimpe mtoto jina la ugonjwa kwa dalili moja. Kijana mwenye kelele si mgonjwa, na mwenye huzuni ya wiki moja si mgonjwa. Tazameni kama amekuwa tofauti na alivyokuwa, na kama hali inadumu.

3. Mkimpeleka mgonjwa wa sonona zahanati au hospitali, semeni wenyewe, hata msipoulizwa: "Aliwahi kupanda," au "Hajawahi." Dawa ya sonona ikitolewa peke yake inaweza kumrusha juu mwenye baipola. Semeni pia kama yuko ndugu wa damu aliyewahi kuugua hivyo.

4. Akiongea juu ya kufa au kujiua, msimwache peke yake. Ondoeni kamba na dawa za shamba mahali alipo, mkampeleke hospitali siku hiyo hiyo.

5. Dawa za ugonjwa huu zipo, kama lithiamu, karbamazepini na valproeti. Zinatumika kwa muda mrefu, na lithiamu inataka vipimo vya damu. Msiziache kwa sababu mgonjwa amepata nafuu. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa amweleze daktari mapema, kwa maana baadhi yake, hasa valproeti, zinaweza kumdhuru mtoto tumboni.

6. Kwenda kwenye maombi si vibaya, lakini maombi hayakatazi daftari wala dawa. Kamba nazo zisiwe ndiyo tiba.

Na kwenu wauguzi wenzangu: tusiulize "ameanza lini?" peke yake. Tuulize, "Mara ya kwanza kabisa alipokuwa hivi, au kinyume cha hivi, ilikuwa lini?" Swali hilo linachukua dakika mbili. Mimi sikuliuliza mwaka 2003, na kijana akapoteza miaka mitano.

YULE MAMA

Siku ile kwenye benchi, tulipomaliza kupanga miaka, mama alihesabu vidole akanyamaza. Kisha akasema, "Kumbe miaka minane. Nimemwangalia miaka minane nikidhani ni vitu mbalimbali." Alilia. Nilimwambia ukweli, kwamba hata mimi niliyesomea nilikuwa na daftari mkononi na sikuona. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yule mama hakuwa ameficha kitu. Alikosa mtu wa kumsaidia kuunganisha.

Nilimpa daftari la kurasa 48, nikachora mistari, nikaandika juu: tarehe, usingizi, chakula, maneno, dawa.

Mwaka 2011 alirudi. Safari hii alikuja kwa miguu yake, ameshikana mkono na binti yake mdogo wa miaka 15. Binti alikuwa anaongea haraka na kucheka, lakini hakuwa amefungwa kamba. Mama alitoa daftari ndani ya kanga. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari kumi, mmoja kwa kila siku, kwa mwandiko wa yule kaka mtu.

Nilipomwuliza ameanza lini, mama hakusema wiki iliyopita. Alinionyesha kwa kidole: "Hapa, Sista. Jumanne ile."

Kutoka kipindi cha kwanza hadi matibabu, kwa kaka ilikuwa karibu miaka mitatu, na hata hapo dawa iliyotolewa haikuwa yake. Ile iliyo yake aliipata baada ya karibu minane. Kwa dada ilikuwa siku kumi. Binti alimaliza shule. Kaka ni fundi seremala, na dawa zake anazifuata mwenyewe kila mwezi.

Daftari la kurasa 48 bei yake ni ndogo. Nunueni moja.